Vibovu, Visikaliwe

Katika ukumbi ule wa sinema walimwita Mzee Fagio, na hakukasirika, maana fagio angalau kazi yake inajulikana. Meneja je? Miaka kumi na tisa alikuwa amefagia chini ya mameneja watano, na hakuna aliyewahi kumweleza meneja hufanya nini hasa tangu asubuhi mpaka jioni. Watu husema ukubwa ni jalala. Mzee Fagio akilisikia neno hilo huguna tu. Jalala analijua yeye, na hajawahi kumkuta mkubwa hata mmoja ameinama huko.

Kila mwaka, msimu wa tuzo za filamu ulipofika, wafanyakazi walijaza karatasi ya utabiri. Tuzo zilikuwa kumi na mbili. Kila mtu aliandika nani atashinda, akaitumbukiza karatasi yake ndani ya kasha la kioo mezani kwa meneja. Wengine walitabiri kwa kutazama filamu. Mzee Fagio hakuwahi kutazama filamu nzima maishani mwake. Kazi ilimtaka aingie na fagio dakika kumi kabla ya mwisho, kwa hiyo alikuwa ameona miisho elfu na kitu, na mwanzo hata mmoja hajauona. Ameona watu wakikumbatiana asijue waligombania nini. Ameona mazishi ya mtu ambaye hakumfahamu hata kwa sura.

Basi yeye alitabiri kwa takataka. Filamu iliyowakamata watu huacha bisi nyingi sakafuni, kwa sababu mkono ulisahau njia ya kwenda mdomoni. Filamu iliyochosha huacha vijiti vya meno, na safari moja iliacha kiatu cha mguu wa kushoto cha bwana aliyelala akaamka na haraka. Mwigizaji bora alimjua kwa bango la nje: anayechorwa masharubu na watoto kuliko wenzake, huyo ndiye. Na filamu bora ya mwaka, tuzo kubwa kuliko zote, aliipima kwa tishu. Watu wakilia, tishu hutupwa chini ya viti. Kila usiku alizihesabu, akaandika kwa penseli nyuma ya mlango wa stoo ya mafagio, pasipo kumwonyesha mtu.

"Mzee, lakini hizo tuzo wanatoa watu walioona filamu," Fundi Mitambo alimwambia siku moja. Huyu alikuwa kijana wa kuendesha mashine kule juu, mwaka wa nne kazini, na miaka mitatu iliyopita yote alishinda yeye.

"Wanatoa wakubwa," Mzee Fagio akajibu. "Wanajifungia chumbani, wanakunywa chai, wanapeana."

"Sasa kama wanapeana, wewe unahesabu nini?"

"Nahesabu haki. Waje waione wakati wanaikanyaga."

Mwaka mwingine wowote angeshindwa, akalaani, akaendelea kufagia. Mwaka huu ulikuwa na jambo lake.

Marehemu mkewe alikuwa muuza tiketi wa ukumbi huohuo. Alikuwa akifunga dirisha filamu ikiwa imeshakwenda nusu saa, ndipo aingie kuitazama, kwa hiyo naye hakuwahi kuona mwanzo. Alikaa safu ya kumi, kiti namba saba. Zilipobaki dakika kumi mumewe aliingia na kukaa namba nane, fagio katikati ya magoti. Wakirudi nyumbani mke alisimulia katikati, mume akasimulia mwisho, na mwanzo waliutunga wenyewe, mara nyingi kwa ugomvi.

Sheria ilikataza mfanyakazi kukalia kiti cha mteja. Mke akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa mwandiko wake wa tiketi, VIBOVU, VISIKALIWE, akakining'iniza juu ya viti vile viwili. Kiti kibovu hakiuzwi. Miaka kumi na moja hakuna makalio mengine yaliyovigusa, na katika ukumbi uliojaa viti vilivyotoka springi kama utumbo, hivyo viwili ndivyo vizima kuliko vyote.

Kisha mke akaugua. Hospitali dawa haikuwapo; mwenye ufunguo wa stoo alikuwa semina. Sasa ulikuwa mwaka wa nne tangu amzike. Mzee Fagio alivipangusa viti vile kila siku, hakuvikalia, na kadi ile ya boksi hakuiondoa.

Ndipo likabandikwa tangazo: viti vyote vinang'olewa, vinapelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, vipya vinakuja.

Mzee Fagio alivua kofia akaenda ofisini. "Meneja, naomba viti viwili tu. Vya kuweka nyumbani."

"Andika barua."

Aliandika barua. Herufi zake zilikuwa kubwa na za kusitasita, na ilimchukua Jumapili nzima. Barua ilirudi imegongwa muhuri: isubiri kikao. Alipouliza kikao ni lini, meneja alisema tarehe ya kikao itapangwa kwenye kikao.

"Lakini usikate tamaa, mzee," meneja akamwambia, akitabasamu kama mtu anayegawa cha kwake. "Mwaka huu mshindi wa utabiri atachagua kitu chochote ukumbini, aende nacho. Shinda, uchague."

Ikawa hivyo. Fundi Mitambo naye akatangaza mbele ya watu kwamba akishinda atachukua viti viwili vizuri kuliko vyote, aviweke barazani kwake awe anakunja nne jioni. Mzee Fagio aliposikia, maji aliyokuwa akinywa yalipita njia ya hewa.

Filamu zilizopigiwa debe zilikuwa tatu. Ya kwanza ya vita, ambayo ilitetemesha mpaka vioo vya choo. Ya pili wafanyakazi waliiita Bubu: saa tatu na robo, mwanamke anatazama dirisha, haongei. Ya tatu ilikuwa kichekesho cha bwana harusi aliyewaposa ndugu watatu kwa siku moja bila kujua ni ndugu.

Takataka za vita zilikuwa za kawaida. Chini ya Bubu, vijiti vya meno, na mzee mmoja mzima ambaye ilibidi aamshwe. Lakini kichekesho! Wiki ile tishu zilijaa ndoo mbili kila onyesho. Watu walitoka macho mekundu, pua zinachuruzika, wengine wanashikana mikono. Mzee Fagio alisimama mlangoni akastaajabu. Kumliza mtu kwa huzuni, hata kitunguu kinaweza. Kumliza kwa kicheko, hiyo ni kazi ya ustadi.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeuza bisi pale ukumbini. Walipokuwa wakijaza karatasi alimchungulia.

"Shemeji, filamu bora umeandika nini?"

"Siri."

"Dada alikuwa anasema nini kila mwaka? Chagua ndefu inayochosha. Wakubwa wanaona haya kukiri kwamba walilala."

Mzee Fagio aliyakumbuka sana maneno hayo. Mkewe alishinda kwa hayo mara sita. Lakini kuandika Bubu ilikuwa ni kukubali kwamba wakubwa hawatabadilika, na yeye, pamoja na kuwatukana kila siku, ndani kabisa alikuwa bado anawasubiri watende haki hata mara moja. Ni ugonjwa wa watu wa chini huo. Akaandika Bwana Harusi, akatumbukiza.

Sherehe ya tuzo ilifanyika mbali, na kwa tofauti ya saa ilifika asubuhi. Wafanyakazi walikaa ukumbini na vikombe vya chai, sherehe ikarushwa kwenye pazia kubwa. Binti wa tiketi aliyerithi dirisha la marehemu alisimama na kalamu akiweka alama.

Ajabu ikaanza mapema. Mwigizaji bora: yule wa masharubu.

"Mzee kapata!" binti akapiga kelele.

Wimbo bora: Mzee Fagio kapata, maana alijua ni wimbo gani uliowazuia watu vitini huku yeye anafagia miguuni mwao. Mavazi, kapata. Fundi Mitambo alianza kukohoa. Ilipofika tuzo ya kumi na moja, walikuwa sare, nane kwa nane, na wengine wote walikuwa wameshaachwa vumbini.

"Mzee, takataka zako zinasoma magazeti?" Fundi Mitambo akasema.

"Subiri, kijana. Aliye juu mngoje chini."

Bibi mmoja mwenye gauni refu alipanda jukwaani na bahasha. Shemeji alisogea karibu na Mzee Fagio, akamnong'oneza, "Umeandika Bubu, sivyo?"

"Bwana Harusi."

"Bwana Harusi? Kwa nini, jamani?"

"Tishu, shemeji. Ndoo mbili kila onyesho. Watu walilia mpaka basi."

Shemeji akamtazama kwa macho yaliyotoka. "Wiki ya Bwana Harusi?"

"Hiyohiyo."

"Shemeji, hiyo ndiyo wiki aliyoniamuru meneja nitie pilipili kwenye bisi! Ili watu wanywe soda nyingi! Nilitia kopo zima kila asubuhi. Mpaka wateja walipomfuata ofisini ndipo akanizuia. Hukusikia?"

Mzee Fagio hakusikia. Aliye mlangoni na fagio hasikii ya ofisini, na mwenye siri yake nyuma ya mlango wa stoo haulizi mtu. Alifumbua kinywa, na kabla neno halijatoka, bibi wa gauni refu aliifungua bahasha.

Bubu.

Fundi Mitambo aliruka mpaka chai ikamwagikia binti wa tiketi. Mzee Fagio alibaki amekaa. Hata alipotaka kuwalaani wakubwa wa tuzo, hakujua aanzie kwao au kwa huyu wa pilipili.

"Haya, mshindi," meneja akasema, "chagua."

Fundi Mitambo alianza safu ya kwanza, akikalia na kudunda, kama mtu anayenunua godoro. Kiti kimoja kilimchoma, kingine kililia. Safu ya tano, ya sita. Mzee Fagio alimfuata kwa macho tu, mikono imeng'ang'ania fagio. Safu ya tisa. Fundi akafika safu ya kumi, akasimama mbele ya namba saba, akanyoosha mkono.

Akasoma kadi.

"Hivi hata maandishi yanasema," akacheka, akapita. Mwishowe alichukua viwili vya safu ya kumi na nne, kimoja kinaegemea upande.

Mzee Fagio alivuta pumzi, lakini furaha haikukaa. Kumponyoka Fundi si kumponyoka mnunuzi wa vyuma. Jumatatu asubuhi vijana wa lori walikuja na spana, viti vikapangwa uani. Alifagia chini ya vile viwili mara tatu, hakuna hata punje.

Saa nne meneja alitoka ofisini na orodha mkononi, jasho linamtiririka. Alihesabu viti. Akahesabu tena. Akamwita Mzee Fagio pembeni, na kwa mara ya kwanza akamwita baba.

"Baba, orodha inasema vibaki mia mbili thelathini na nane, ukitoa vya fundi. Hapa nina mia mbili arobaini. Vimezidi viwili."

"Si vizuri kuzidi, bosi?"

"Vizuri wapi! Kikipungua, nasema kimeibwa, fomu ipo. Kikizidi hakina fomu! Mkaguzi anafika saa sita. Ataniuliza nimevitoa wapi." Akafuta shingo. "Nimepekua madaftari. Viti namba saba na nane safu ya kumi vilifutwa kwenye orodha miaka kumi na tano iliyopita. Vibovu. Kumbe havipo, na vimekaa pale vinanitazama!"

Mzee Fagio aliinamia fagio lake, akaficha uso. Mkewe alitaka tu viti visiuzwe. Kumbe kadi ile mkubwa fulani aliipita akaiamini, akavifuta daftarini bila hata kuvigusa kwa kidole. Alikuwa na uvivu wake, Mungu amsamehe. Labda ndiyo kazi moja njema aliyowahi kuifanya meneja yeyote pale.

"Kitu kisichomo kwenye orodha ni takataka," meneja akasema, "na takataka ni kazi yako. Viondoe hapa sasa hivi."

Shemeji, aliyekuwa akisikiliza mlangoni pa kibanda cha bisi, alitamani kupiga vigelegele. Lakini Mzee Fagio alikuwa na miaka kumi na tisa kifuani.

"Mimi ni mfagizi, bosi. Si mchukuzi."

Shemeji akajiziba mdomo.

"Baba, nakuomba."

"Andika barua."

"Barua?"

"Kesho usije ukasema nimeiba. Andika, gonga na muhuri. Na lori lipitie kwangu."

Meneja aliandika juu ya goti, palepale uani. Mfagizi ameruhusiwa kuondoa takataka mbili. Muhuri uligongwa mara mbili, moja kwa kila taka.

Jioni ile viti viliwekwa mbele ya televisheni, vikajaza sebule mpaka mlango ukawa unafunguka nusu. Shemeji alikuja na mfuko wa bisi umefungwa fundo. Bubu, kwa kuwa imeshinda, ilikuwa inaonyeshwa. Mzee Fagio alikaa namba nane. Kadi ilikuwa bado inaning'inia juu ya namba saba.

Shemeji aliitazama kadi. "Hiki ni kibovu kweli?"

"Kibovu kabisa."

Akavuta kigoda, akaketi kando.

Filamu ikaanza. Kulikuwa na nyumba, mwanamke akiimba huku anaanika nguo, mwanamume akiingia na mkate kwapani, wanacheka kwa jambo lao wenyewe. Mzee Fagio alikunja uso. Alikuwa ameuona mwisho wa filamu hii mara ishirini na moja, yule mama dirishani amekaa kimya, akamdhania mtu wa kuringa tu.

"Kumbe alikuwa anaimba," akasema.

Baada ya muda alitoa leso akapenga kamasi kwa kishindo.

"Pilipili hizi, shemeji. Mwambie meneja wako."

Shemeji aliutazama mfuko wa bisi magotini mwake, fundo bado halijafunguliwa.

"Nitamwambia," akasema.