Gunia la Na Wengineo

Usiku wa jana niliota sherehe ya kuwashukuru watu wetu wa kujitolea imeanza bila mimi, na mimi ndiye katibu. Chama chetu hupika uji wa wagonjwa katika hospitali moja hapa Tukuyu. Mgeni rasmi alikuwa sufuria letu kubwa la uji. Alikuwa amevaa tai.

"Umechelewa, katibu," akasema.

"Samahani, mheshimiwa. Nilikuwa nimelala."

"Bado umelala. Kaa."

Nakaa. Katiba ya chama inasimama juu ya meza na kujisomea kifungu chake: kila anayejitolea atatambuliwa mbele ya watu. Papo hapo ukumbi unakuwa kituo cha polisi, na wapishi wetu wamepangwa ukutani kwenye gwaride la utambuzi, wote na fulana za chama, wote na miko mkononi.

"Tambua," sufuria anaamuru.

Mlangoni kulikuwa na gunia lililoachama. Nililifahamu mara moja. Ni lile "na wengineo" la kwenye hotuba zangu zote, na kila asiyetajwa jina huishia humo. Ndani yake nilisikia watu wakikohoa.

Nikaanza kwa mbwembwe. Huyu Gwakisa, yule Anyosisye, wakapita wakipigiwa makofi. Akabaki mama mfupi anayewasha moto alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe. Huyo nampenda kuliko wote, na asipokuwepo wodi nzima hushinda na njaa.

"Mama Atupele!" nikasema kwa raha.

"Atupele ni mwanawe," sufuria akajibu. "Yuko Dodoma. Hajawahi kunikoroga hata siku moja."

"Lakini sote tunamwita hivyo, mheshimiwa."

"Sikukuuliza mnamwitaje."

"Basi, Mama Uji."

"Uji ni wangu."

Gunia likajikokota mpaka kwa mama, likammeza miguu. Yeye alisimama tu, anafuta mwiko wake kwa khanga, kama mtu aliyezoea. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mheshimiwa, nakuomba! Jina lake nani?"

"Waniuliza mimi? Mwenyewe si huyo hapo?"

Kusema kweli, wazo hilo lilikuwa halijanijia. Nikamkimbilia. Gunia limeshamfika kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani mama, wewe mwenyewe unaitwa nani?"

Mama akacheka. Akacheka mpaka gunia likatekenyeka, likamtema, kisha likawatema na wale wa ndani: mzee wa kupasua kuni, dada wa kuosha vikombe, wote wazima, wote wanauliza chakula kiko wapi.

"Subilaga," akasema. "Naitwa Subilaga." Akanigonga shavuni kwa mwiko, nikaamka.

Jua lilikuwa limeshatoka. Nikajipapasa shavu, nikakuta ute umeganda. Nikaulamba. Ulikuwa uji wa ulezi, na nyumbani kwangu hatuna ulezi.

Nikampigia simu yule mama wa kuwasha moto.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa usumbufu. Nataka kuandika cheti chako cha sherehe ya leo, sasa, lile jina lako wewe mwenyewe…"

Nikasikia mwiko ukikwangua sufuria.

"We katibu," akasema, "si nimeshakutajia? Hebu nawa hilo shavu uje, uji unapoa."