Kabureta ya Kushoto

Pikipiki ya Baba ina kabureta mbili, na asubuhi ile zote zilikuwa vipande vipande juu ya gazeti kuukuu, uani. Nilikaa, nikainuka, nikanawa mikono iliyokuwa safi, nikakaa tena. Mama alinipita na ndoo, akauliza kama nimekalia siafu.

Baba hasikii tangu homa ile ya mwaka jana. Juzi lori lilimpigia honi pale kona. Alitembea vilevile hadi upepo wa lori ukampeperusha shati. Alirudi akicheka. Na leo alitaka kuingia barabarani na pikipiki, iliyolala tangu augue. Mama alimsihi mpaka akachoka, akasema huyo mke mwenzake wa chuma hajapata kushindwa kesi.

Vidole vya Baba vinatetemeka siku hizi, kwa hiyo vitu vidogo ananiachia mimi. Nilisugua mabakuli kwa petroli na mswaki, nikapuliza matundu, nikafuta maboya. Zikabaki jeti mbili za shaba, vile vipande vyenye kitundu cha kupitishia petroli. Moja niliizibua kwa uzi wa waya mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Nyingine, ya kushoto, ilikuwa imeziba kwa utomvu wa petroli iliyochacha. Niliitazama, nikamtazama Baba akifuta helmeti yake. Nikaifunga vilevile, na uchafu wake. Injini itakohoa, haitapanda hata mwinuko wa shule. Naye hatasikia.

Tulipozirudisha kabureta mahali pake, Baba akapiga kiki. Ikawaka, ikanguruma kwa kuchechemea. Nikajifanya nakunja gazeti.

Alichovya vidole kwenye ndoo ya Mama, akanyunyizia bomba la moshi la kulia. Maji yakarukaruka, yakakauka. Akanyunyizia la kushoto. Maji yakateremka taratibu hadi chini. Akaweka kiganja juu ya bomba hilo baridi, akakiacha hapo. Kisha akazima.

"Ya kushoto hukuifungua," akasema, kwa sauti yake ambayo sasa inasikika mpaka kwa majirani.

Nikageuka ili anione midomo. "Niliifungua, Baba. Niliiacha makusudi. Naogopa."

Aliendelea kunitazama midomo hata baada ya mimi kunyamaza.

"Na mimi naogopa," akasema, kwa sauti ndogo safari hii. Sijui kama alijua imeshuka. "Lakini usinidanganyie mashine, mwanangu. Ninyi wote mmebaki midomo tu. Hii bado naisikia, kwa mkono."

Nikaizibua jeti. Pikipiki ikawaka tena, na mabomba yote mawili yakakausha maji. Baba akavaa helmeti, nami nikainamisha uso. Mara nikahisi uzito kichwani: ameivua, ananivika mimi, ananifunga mkanda kwa vidole vile vinavyotetemeka. Alinifundisha kuizungusha pikipiki hapa uani. Barabarani sijawahi, naona haya watu wakinitazama.

Akapanda kiti cha nyuma. "Masikio mbele," akasema.

Mama akatufungulia geti akinung'unika kwamba sasa anashindwa kesi na wawili.

Ukingoni mwa barabara lori likapiga honi. Nikasimama mpaka likapita.