Uso wa Waziri

Monsieur Arthur hakumwuliza Zaina swali hata moja. Aliivuta karatasi ya programu ya masomo katikati ya meza, akafungua kalamu yake ya wino, akapiga mstari mrefu juu ya maneno "picha za watu". Pembeni yake, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na mapadri, akaandika: "mapambo na ushonaji".

"Bon," akasema. "Imekwisha. Mwite mwingine aingie."

Zaina hakusimama.

Mwaka ule mji ulikuwa ndiyo kwanza umepewa jina la Kisangani, na watu wazima bado waliteleza ulimi wakasema Stanley. Chuo kilikuwa kimefunguliwa upya katika jengo ambalo kuta zake zilikuwa na matundu ya risasi yaliyozibwa kwa saruji ya rangi tofauti. Kila mwanafunzi wa sanaa aliyeanza mwaka wa pili alipaswa kukaa na Monsieur Arthur, mshauri wa masomo, wakapanga pamoja atelier, karakana za kuchorea, atakazopitia mpaka apate lisansi, shahada yake: ipi itangulie, ipi ifuate, ipi haifunguki mpaka nyingine iwe imekwisha. Aliyeingizwa kwenye mapambo siku ile hangetoka huko tena. Angechora maua ya vitambaa vya meza mpaka siku ya kuvaa joho.

"Mapambo niliandika wapi, Monsieur?"

"Haukuandika. Nimeandika miye."

"Kwa nini?"

Monsieur Arthur alivua miwani. Alikuwa mtu mwembamba, shati lake jeupe limepigwa pasi hata kwenye kola iliyochakaa. "Sikia, Zaina. Papa yako anavaa kofia, Ijumaa iko musikitini. Ndani ya atelier ya picha za watu kuna modèle. Mutu anakaa mbele yenu kifua wazi, tumbo wazi. Kesho papa yako atakuja hapa kunipigia makelele mbele ya wanafunzi. Miye sitaki makelele. Makelele tuliyoyaona katika mji huu yanatosha."

"Ulimwuliza papa?"

"Haina lazima."

"Na miye je, uliniuliza?"

Alimtazama kama mtu anayetazama nzi aliyeingia kwenye wino. Kisha akasema kwamba kanuni ni kanuni. Anayetaka atelier ile alete uso mmoja, uliochorwa kwa makaa, kutoka kwa mtu aliye hai, aliyekaa mbele ya mchoraji. Si kutoka kwenye fotografia, wala kutoka kichwani. "Ulete Jumamosi asubuhi. Kama hakuna, mapambo."

Alijua vizuri kwamba wanafunzi wa kiume walikuwa wakimlipa mzee mmoja askari mstaafu akae kwenye kiti ili wamchore, na kwamba mzee yule hakuwa tayari kutazamwa na msichana.

Zaina alitoka bila kuaga. Alitembea kwa hasira hata akaipita njia ya kwao, akajikuta karibu na soko, akageuka, akaipita tena.

Haikuwa atelier tu. Zaina aliingia chuo kwa sababu ya kaka yake, Waziri, na nyumbani jambo hilo lilijulikana ingawa halikusemwa. Waziri alikuwa karani wa posta. Waasi walipouteka mji, walikuwa wakiwatafuta watu wenye elimu, na picha ya mtu aliyevaa tai ilitosha kumpeleka kaburini. Mji mzima ukachoma picha. Moshi ulitoka nyuma ya kila nyumba, na mama yake Zaina akachoma za kwake chini ya sufuria ya mboga ya pondu: Waziri na tai, Waziri mbele ya posta, Waziri na baiskeli mpya. Kisha askari wa serikali wakaurudisha mji, nao wakaanza kuwatafuta wale waliofanya kazi chini ya waasi. Ikabaki picha moja, Waziri amesimama na wenzake wa ofisi, na katikati yao kijana mmoja mwenye manyoya kichwani kama waasi. Hiyo aliichoma papa. Siku ile ile Waziri alichukuliwa barazani kwao, mdomo ukiwa bado una wali, hakurudi. Wakabaki na kaka asiye na kaburi, na asiye na uso.

Papa Nassoro alikuwa kwenye cherehani yake barazani, pini mdomoni, Zaina alipomsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa kama anamchoma mtu.

"Nani alimwambia miye nitapiga makelele?"

"Amejisemea, papa."

"Mutu anakasirika kwa jina yangu bila kuniuliza!" Cherehani ilitikisika kwa kofi. "Kweli, miye sipendi picha ya mutu ukutani. Sipendi! Lakini kutopenda ni kwangu. Sikumwazimisha yeye akukataze. Anasema ati miye niko namna gani? Alikula kwangu lini huyo?"

Mama alitokea mlangoni, mikono imejaa unga. Alikuwa amesikia yote. "Basi umuchore Waziri," akasema.

"Mama, kanuni ni mtu aliye hai."

"Nilisikia. Paji la uso la Waziri lilitoka wapi? Si lile pale, liko kwa mushonaji?" Akamwelekezea mumewe kidole chenye unga. "Iko hai huyo, ama iko maiti?"

Ndivyo ilivyoanza. Kila ukoo una tabia hii: mtoto akizaliwa, watu humgawana. Pua ya bibi, masikio ya mjomba, mwendo wa shangazi. Waziri naye alikuwa amegawanywa tangu siku ya kwanza, na wenye sehemu zao wengi walikuwa hai, wanakula na kugombana. Zaina alijiwekea sharti moja: hatatia mstari hata mmoja mpaka mwenye mstari ule awe amekaa mbele yake.

Papa alikaa kwa ajili ya paji na pua. Alikaa amenuna, kofia mkononi, akiuliza kila mara kama imekwisha, na alipoona mistari mitatu ya juu ya nyusi imetokea kwenye karatasi, hakuuliza tena. Mama akakaa baada yake kwa ajili ya masikio na kidevu.

Tante Kadidja, dada yake papa, aliitwa kutoka mtaa wa Mangobo kwa ajili ya mdomo. Alikuja amevaa kikwembe kipya kama anaenda harusini.

"Mudomo ni wangu, kila mutu anajua," akasema akiketi. "Na kidevu pia."

"Kidevu ni cha kwetu," mama akasema.

"Cha kwenu! Kwenu mna kidevu? Kwenu uso unaisha kwenye mudomo."

"Tante, usicheke, unaharibu mdomo," Zaina akasema kwa ukali.

"Waziri alikuwa anacheka! Unataka kumuchora amenuna kama papa yako?"

Walicheka, na katika kicheko kile kile ugomvi ukazuka. Ilikuwa juu ya macho. Mama alisema ni yake. Papa alisema ni ya marehemu mama yake, makubwa, yenye kope ndefu. Tante Kadidja akasema Waziri alikuwa na jicho moja linalokimbia kidogo, na mama akamrukia: mtoto wangu hakuwa na kasoro. Wakarushiana maneno ambayo yalikuwa yakingoja tangu siku Waziri alipochukuliwa: nani alimshauri aende kazini wakati wa waasi, nani alimwita barazani kula, nani alichoma picha ya mwisho wakati ingeweza kufichwa kwenye dari.

"Ningeificha, wangetuua wote!" Papa alipaza sauti.

"Basi ungewaacha waniue nayo!" Mama aliingia ndani, akafunga mlango.

Hakuna aliyekubali macho ya mwenzake. Zaina alibaki na uso usio na macho, ukimwelekea kama tusi. Alichukua kioo cha papa cha kunyolea ndevu, akakiegemeza kwenye cherehani, akachora macho yaliyokuwamo. Yalikuwa na hasira, akayaacha hivyo.

Ijumaa, papa alipotoka msikitini, karatasi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Mama aliisogelea. Hakulia. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Sikio la kushoto," akasema, "lilikuwa limelala zaidi."

Hapo Zaina akajua kwamba amempata.

Jumamosi asubuhi aliiweka karatasi juu ya meza ya Monsieur Arthur. Monsieur Arthur aliitazama muda mrefu kuliko alivyokusudia. Zaina aliliona hilo, akaanza kutumaini, na baadaye akajikasirikia kwa kutumaini.

"Huyu ni nani?"

"Ni kaka yangu. Waziri."

"Iko hai?"

"Hapana."

"Alors." Alisukuma karatasi irudi kwake. "Kanuni nilikueleza."

"Paji na pua ni vya papa, alikaa mbele yangu. Mdomo ni wa tante yangu. Kidevu ni cha mama, masikio ya mama. Macho ni yangu, nilikuwa na kioo. Hakuna mstari hapa ambao mwenyewe hapumui. Ukitaka nitawaleta wote hapa ofisini, uwapime."

"Nilisema uso mmoja, wa mutu mmoja. Hivi ni viraka, Zaina. Umekata hapa, umeshona pale." Alitabasamu kwa ncha ya mdomo. "Unaona sasa? Ushonaji ndiyo njia yako. Iko ndani ya damu."

Damu ilimpanda Zaina mpaka masikioni. Maneno yaliyomtoka hakuyapanga, wala hakuna mtu katika mji ule aliyekuwa akimwuliza mwenzake swali lile, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jibu lake na hakutaka kulitoa.

"Na weye, Monsieur, ulichoma nini?"

Kalamu ilisimama hewani.

"Unasema na nani namna hiyo?"

"Na weye. Mji mzima ulichoma. Weye ulichoma nini?"

"Diploma yangu," akasema kwa sauti kavu. "Kila mutu hapa anajua. Ndiyo maana miye ni mushauri tu, sina atelier, mpaka karatasi nyingine ije kutoka Ulaya. Umefurahi? Toka."

"Diploma, na nini tena?"

"Toka nje!"

Sauti yake ilisikika mpaka kwenye ukumbi. Wanafunzi waliokuwa wakingoja wakageukia mlango. Zaina hakutoka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Monsieur Arthur aliinuka, akafunga mlango. Alibaki amesimama, mgongo kwake.

"Picha za harusi," akasema. "Nilikuwa na tai. Odile alikuwa na glavu nyeupe za kuazima. Nilizichoma zote, hata ile ndogo ya kwenye pochi. Kisha tukakimbilia musituni, njia ya Bafwasende, na huko homa ikamuchukua." Akanyoosha kola yake. "Diploma wataniandikia nyingine."

Zaina hakusema pole. Pole ilikuwamo kifuani, lakini hasira ilikuwa imekaa mlangoni, haikuipisha.

Monsieur Arthur aligeuka. Alikuja mpaka kwenye meza, akaitazama tena karatasi, safari hii akiwa ameinama kabisa, akifuata kwa kidole, bila kugusa, mahali ambapo mdomo wa Kadidja ulikutana na kidevu cha mama.

"Wazazi wa Odile walikufa," akasema. "Dada zake pia, kule kule. Mutu kama hana ndugu aliye hai hata mumoja," na hapa sauti ikawa ya mtu anayeuliza njia, "weye unaanzia wapi?"

Jibu lilikuwa limemfika Zaina kwenye meno: anzia kwenye mapambo na ushonaji. Lilikuwa tamu, na lilikuwa haki yake. Alilishikilia hapo hapo. Aliivuta ile karatasi ya programu kutoka chini ya uso wa Waziri, akaweka kidole juu ya maneno yaliyopigwa mstari.

"Kwanza saini, Monsieur."

"Nini?"

"Andika upya. Picha za watu, mwaka huu, na mwaka ujao, na mpaka lisansi. Kisha saini. Baadaye nitakujibu."

"Unanifanyia biashara juu ya marehemu?"

"Weye ulinifanyia ushonaji juu ya papa yangu."

Walitazamana. Monsieur Arthur ndiye aliyeteremsha macho. Aliketi, akafuta mapambo kwa mistari miwili, akaandika picha za watu kwa ule mwandiko wake mzuri, akaongeza chini yake, kwa uchungu, kwamba mwanafunzi huyu atasoma kwanza anatomia ya kichwa na kufanya mtihani, maana sikio la kushoto halikukaa vizuri kwenye fuvu. Akasaini. Alibana kalamu kwa nguvu hata ncha ikachana karatasi.

Zaina alipuliza wino mpaka ukakauka. Alikunja programu, akaitia ndani ya kikwembe chake kiunoni. Hasira haikuwa imemwisha, na hakutaka imwishe upesi. Hata hivyo alitoa kipande cha makaa, akageuza karatasi tupu iliyokuwa mezani, akavuta kiti.

"Paji lake lilikuwa namna gani?"

"Lilikuwa pana. Pana, na hapa juu limepinda kidogo."

"Pana kama la nani? Usiniambie maneno. Nipe mtu aliye hai."

Monsieur Arthur alikwenda dirishani. Chini, barabarani, wanawake walikuwa wakipita kwenda sokoni, vichwani wamebeba mabeseni. Alisimama muda mrefu akiwatazama usoni mmoja mmoja, jambo ambalo tangu vita hakuwa amelifanya. Kisha akauinua mkono.

"Yule," akasema. "Mama yule wa ndizi. Mukimbilie, Zaina, upesi, kabla hajapinda kona."

"Mkimbilie weye," Zaina akasema, akiweka makaa juu ya karatasi. "Odile ni wako."

Na Monsieur Arthur, mwenye shati la pasi, aliufungua mlango, akapita mbio katikati ya wanafunzi waliokuwa wakingoja zamu zao.