Isale Lililoletwa na Dereva

Ndeshi alirudi kutoka kukata majani ya ng'ombe akakuta jani la isale limelazwa mezani, kando ya mfuko wa sukari na blanketi jipya ambalo lilikuwa bado ndani ya nailoni.

"Nani kaleta haya?" aliuliza, mzigo ukiwa bado kichwani.

Sadoki, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa anakunywa chai. "Watu wa Elimringi, shemeji. Yule dada Ruth wa ofisi yao ya Njiro, na dereva. Wamekuja kuomba msamaha. Nimepokea kwa niaba ya nyumba. Jumamosi wanazindua bomba la maji, na jina la kaka litakuwa kwenye jiwe. Gadiel wetu! Mbele ya televisheni!"

Ndeshi alitua mzigo.

Huku mlimani Meru isale si pambo. Aliyekukosea akija nalo mkononi humfukuzi. Utake usitake utamsikiliza. Lakini huja mwenyewe, kwa miguu yake, na kosa hulitaja kwa kinywa chake. Elimringi aliyajua hayo vizuri, maana amezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikula ndizi za chungu cha Ndeshi tangu akiwa na kamasi mpaka akaota ndevu. Halafu akatuma dereva!

"Walitaja kosa gani, Sadoki?"

"Walisema... mambo yaliyopita."

"Ahaa. Kwa hiyo kaka yako aliugua mambo yaliyopita. Hospitali hawakuniambia."

Sadoki aliinamia kikombe chake. "Shemeji, usituharibie. Watu wana kiu."

"Kiu unanifundisha wewe?"

Magazeti yalimwita Elimringi bilionea. Alianza kwa kununua kahawa mbichi mlango kwa mlango huku juu, akashuka mjini Ngarenaro akafungua gereji ya malori, malori yakazaa malori. Akanunua hisa, akanunua hoteli mjini, na mwishowe akanunua shamba kubwa la maua chini ya kijiji chao. Waridi hunywa kama ng'ombe. Watu wake wakapanda msituni, pale mfereji wa kijiji unapoanzia, wakajenga kizuizi na kutia kufuli.

Gadiel ndiye aliyekuwa mzee wa mfereji. Yeye alipanga zamu za maji, yeye alipuliza pembe kuwaita watu kuzoa tope. Mfereji ulipokauka alishuka mjini mara nyingi kumwona Elimringi, na kila mara mlinzi alimwambia bosi yuko safarini. Akarudi akaendelea kuzoa majani kwenye mfereji mkavu, ili maji yakirudi yasikute uchafu. Migomba ilinyauka. Watu wakaanza kuteremka korongoni na madumu, na huko ndiko Gadiel, mzee wa mvi, alikoteleza akavunjika nyonga. Hakuamka tena kitandani. Wakamzika kando ya migomba yake.

Siku ya mazishi Elimringi alituma shada la waridi. Waridi za shamba lake! Ndeshi aliliona jenezani, akaliacha kwa sababu mchungaji alikuwa anaomba.

Baadaye ukaja mfuko wa hisani: madawati, miwani ya wazee, picha za Elimringi amekumbatia watoto. Na sasa bomba.

Jumamosi Ndeshi alivaa nguo yake nyeusi, akalifunga lile jani kwenye ncha ya kanga, akaenda. Mahema yalikuwa yamejaa. Mshereheshaji alipiga kelele kwenye kipaza sauti: "Mwekezaji wetu, mwana wa Meru, ambaye hakusahau nyumbani! Leo anatupatia maji!"

Anatupatia. Ndeshi aliuma meno.

Ruth akamshika mkono kwa upole. "Bibi, ukiitwa unavuta kitambaa, halafu unafungua bomba. Tabasamu kidogo tu."

Alivuta kitambaa. Jiwe lilikuwa limeandikwa: MAJI YA MZEE GADIEL, ZAWADI YA ELIMRINGI. Watu wakapiga makofi. Ndeshi alifungua bomba, maji yakaruka meupe, na akinamama wakasogeza ndoo palepale bila kusubiri hotuba.

Elimringi akainama mbele yake, suti inang'aa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alifungua ncha ya kanga, akamwekea jani kiganjani. "Hili lilipotea njia. Lilikuja na dereva."

Elimringi alicheka kidogo, akitazama kamera kwa jicho la pembeni. "Mama, haya tutayaongea nyumbani."

"Nyumbani unapajua. Ulikuwa unaingia bila hodi ukiwa na njaa. Sasa hivi uko hapa, na jani unalo. Sema."

"Nisamehe, mama. Kwa yote."

"Yote ndiyo nini?"

Mwanasheria wake, mwenye mkoba, alimsogelea Elimringi akamnong'oneza. Elimringi aliitikia kwa kichwa.

"Sema tu, baba," Ndeshi akasema, na sauti yake ikalegea bila kupenda. "Sema 'niliziba mfereji.' Ukisema, nitapokea. Sina ujanja, mila itanilazimisha."

Alingoja. Alingoja kwelikweli, maana alimlea. Elimringi akatazama viatu vyake.

"Haya," akasema Ndeshi. "Maji kunyweni, ni ya kwetu tangu zamani. Ila jina la mume wangu halikai kando ya neno zawadi." Akamgeukia fundi aliyechonga lile jiwe, aliyesimama kando na vifaa vyake. "Lesian, litoe jina."

"Mama, mimi kibarua tu. Watanifukuza."

"Basi nipe tindo."

Alilichukua yeye mwenyewe, na nyundo, akapiga. Pigo la kwanza liliteleza. La pili likamchubua kidole. Sadoki aliita, "Shemeji, aibu!" Hakugeuka. Alipiga huku machozi yanamtoka, yale ambayo hakuyatoa siku ya shada.

Lesian akamshika kifundo cha mkono. "Utajiumiza, mama. Lete." Akatazama upande wa bosi, akatema mate, akaanza kuzifuta kwa tindo herufi za jina la Gadiel, moja baada ya nyingine. Magari ya Elimringi na watu wake yaliwashwa kabla hajafika katikati. Hakuna aliyethubutu kufunga bomba, kamera zilikuwa bado zinatazama.

Jioni Ndeshi alijaza dumu lake, akamimina kidogo kwenye kaburi, kidogo kwenye migomba. Kule kwenye mahema vijana walikuwa wanakunja viti vya plastiki. Walivikunja vyote isipokuwa kimoja cha mbele, ambacho juu yake bosi alikuwa ameacha jani la isale. Walikipita kando, wakakiacha pale; jani halikuwa lao kulibeba.