Inchi Kumi na Nne

Kaka yangu aliyapanga magari mawili makuukuu kwenye karatasi kama mtu anayepanga timu ya mpira. Kushoto, lile refu: injini cc elfu mbili, magurudumu yote manne yanavuta, kilomita laki moja na tisini. Kulia, lile fupi lenye mlango wa kusukuma: cc elfu moja na mia tatu, kilomita laki mbili na ushee.

"Hili la kulia ni kigari cha kusambazia mikate," alisema. "Dada, tusijiaibishe."

Tusijiaibishe! Gari lilikuwa la kumpeleka mama kliniki, tangu kiharusi kimlegeze upande wa kulia. Mara ya mwisho tulimnyanyua kumwingiza kwenye teksi kama gunia, gauni likampanda hadi mapajani, majirani wakitazama. Siku hiyohiyo aliniambia haendi tena, afadhali afie kitandani. Na mwanawe wa kiume anashindanisha injini! Nilitamani kumlisha ile karatasi.

Yadi ya magari haikuwa mbali, nikamsukuma mama kwenye kiti chake cha magurudumu. Dalali akafungua boneti la lile refu. Kaka akainama, dalali akainama, sifa zikamiminika. Walipogeuka walinikuta nimepiga magoti vumbini na futi yangu ya kupimia nguo.

"Fundi, hapa hatushoni," dalali akacheka.

"Ndiyo maana mnakosea vipimo."

Kutoka ardhini hadi sakafu ya gari: inchi ishirini na mbili. Nyumbani nilishampima mama kama ninayempimia suruali. Mguu wake mzima unanyanyuka inchi kumi na tano, basi. Nikahamia kwa lile fupi. Kumi na nne.

"Lakini nguvu, dada! Mlimani je?"

"Mlimani utashuka usukume! Magurudumu umeyahesabu yote manne, miguu miwili ya mama yako imekushinda?"

Nikaufungua mlango. Kwa mazoea, kaka akanyoosha mikono amnyanyue mama.

"Niache," mama akasema.

Alishika ukingo wa mlango, akainuka kitini, akatanguliza mguu mzima, akauvuta ule mwingine. Ilichukua muda, hata dalali akaacha kucheka. Akaketi, akashusha gauni likafunika magoti, kisha kwa mkono wa kushoto akaufunga mlango mwenyewe.