Prisca wa Matema

Kuanzia Kasumulu mpaka Matema hakukuwa na kijana aliyewajua wanawake kama Asheri, na kama ulibisha, mwenyewe angekueleza bila kuulizwa. Mkuu wao alikuwa Prisca wa Matema. Mrefu, mcheshi, mwimba kwaya, na kwa Asheri hasikii haambiwi. Kila Jumapili baada ya ibada Asheri alijipulizia manukato, akawasha pikipiki, akaenda kumwona.

Prisca alikuwa na kasoro moja tu: hakuwepo.

Matema Asheri alikwenda kweli. Alikaa juu ya jiwe, akala samaki mbasa wa kuchoma, akalitazama ziwa mpaka akachoka, kisha akarudi kwao Mbugani akitabasamu kama mtu aliyependwa. Uongo huo ulimsitiri miaka miwili. Sasa baba yake, mzee Lazaro, alikuwa amechoka kusubiri. Jumamosi mshenga Hezroni angepanda gari kwenda kwa kina Prisca kupeleka posa, na leo ilikuwa Alhamisi.

Aliyemkosesha raha hasa ni dada yake, Tusekile. Wiki nzima alikuwa akikaa kando ya chanja la kukaushia kakao na kitabu kilichovalishwa gazeti. Anasoma ukurasa, anamtazama kaka yake, anachekea puani.

"Kaka, hivi wifi yangu ana mwanya?"

"Anao."

"Mbona mama ulimwambia hana?"

"Umeanza lini upolisi?"

"Nauliza tu. Nisije nikamkumbatia mke wa watu."

Basi Asheri akajua: kile si kitabu. Humo dada anaandika uongo wake mmoja mmoja, na tarehe zake, ili amsomee baba.

Mchana ule Tusekile akajitwika mpunga kwenda mashineni. "Angalia mawingu," akasema. "Tone la kwanza tu, funika kakao."

"Hilo nalo la kunifundisha?"

Kakao ya siku nne juani ikilowa huota ukungu, na mnunuzi huisukuma pembeni. Hata mtoto wa Kyela analijua hilo. Lakini dada hakuwa amefika hata barabarani, Asheri alikwishakichomoa kitabu chini ya kanga aliyoiacha dada.

Kilikuwa riwaya. Akapekua akitafuta jina lake, akakutana na Dickson, mkata tiketi wa meli, miaka thelathini, mama yake akimuuliza ni nani aliyemroga asioe.

"Hakuna aliyeniroga, mama," Dickson alijibu. "Nakupenda wewe, nawapenda rafiki zangu. Ila ile hamu ya kulala na mtu, na ile ya kuwa mchumba wa mtu, kwangu hazijawahi kuja. Sizisubiri. Na mimi ni mzima."

Asheri akasoma tena. Nani kamwambia huyu mwandishi? Akafunua gazeti, akatazama jalada kuona kama si mtu wa Mbugani. Maana yeye mara tatu alikwenda kuombewa kwa jambo hilohilo, akamdanganya mchungaji kwamba ni kichwa kinauma.

Akaanza ukurasa wa kwanza, kwa hila, kama mtu anayevizia mwizi. Alijua mchezo wa waandishi: atatokea msichana, atamponya Dickson, watafunga ndoa. Au Dickson atakufa. Ukurasa wa thelathini, msichana hakutokea. Wa hamsini, Dickson yuko nyumbani kwake anapika, rafiki zake wamejaa sebuleni, wanamtania, na wala hafi. Bati la baraza likaanza kupiga kelele kwa mvua. Asheri akasogeza kigoda ukutani, akaendelea.

"Kaka."

Tusekile alikuwa mlangoni pa jiko, amelowa chepechepe. Kakao ilikuwa imefunikwa.

"Umerudi saa ngapi?"

"Nimepita mbele yako mara mbili na turubai."

"Nilikuwa natafuta barua za bwana wako humu."

"Umezipata?"

Asheri akafunga kitabu, kidole kikabaki ndani.

"Kesho mzee Hezroni anakwenda kukata tiketi," Tusekile akasema, taratibu sasa. "Mwambie baba mwenyewe. Nitakaa na wewe."

"Nimwambie nini? Prisca ananisubiri Jumapili."

"Ndiye huyo anayekuliza?"

Asheri akapangusa shavu haraka. "Mvua hii."

Tusekile akainua macho akalitazama bati juu ya kichwa cha kaka yake, kisha akayarudisha usoni pake.

"Halivuji, kaka."