Hofu Ndani ya Koti la Tukijan

Kwa miaka ishirini na miwili Tukijan alikuwa mtunza panya katika maabara ya ubongo mjini Yogyakarta, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kung'atwa. Hakujipaka manukato hata siku ya Ijumaa, kwa kuwa panya humjua mtu kwa pua. Kila kundi jipya alilipakata siku saba, mnyama mmoja mmoja, mpaka mioyo itulie. Pasipo utulivu huo hapakuwa na jaribio.

Jumatatu hiyo alipofungua kizimba cha kwanza, panya alijikunyata pembeni akaganda. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alimng'ata kidole.

Tukijan aliitazama damu yake, kisha akalitafuta koti lake la kazi. Alilitundika msumarini Ijumaa alipokwenda msikitini. Sasa lilikuwa kwenye kiti cha Daktari Wening, mtafiti mwenye jaribio.

"Nduk," alimwita, yaani mwanangu, kama alivyomwita tangu Wening alipokuwa binti mwanafunzi asiyejua hata kumshika panya. "Nani kavaa koti langu?"

"Mimi, Pak." Wening alimwita baba kama siku zote, lakini hakuinua macho. "Walikuwa wananisumbua, hawashikiki. Nikasema wakinusa harufu yako watatulia."

"Wakatulia?"

"We! Kama wajukuu wamemwona babu. Mimi hata siku moja hawajanipenda hivyo." Alijaribu kucheka.

"Walipotulia ukawafanya nini?"

"Ule mshtuko wa umeme. Kidogo tu, Pak. Nilikuwa naupima kabla ya jaribio la leo."

Tukijan aliketi. Hakuwa na shahada, lakini kazi ile aliifahamu. Somo dogo likifundishwa kwa utulivu husahaulika kufikia kesho, kwa sababu maungio ya seli za ubongo yaliyokazwa nalo hulegea upesi. Bali hofu ikifuata muda mfupi baada ya somo, amigdala, kile kitovu cha hofu ubongoni, huyakaza maungio hayo yakadumu. Hofu baada ya somo: hilo ndilo Wening alilotaka kulithibitisha. Sasa panya wangeingia somoni wakiwa na hofu tayari, na hofu yenyewe ilikuwa yeye, Tukijan.

"Umewaita kwa harufu yangu, ukawapiga."

"Pak, ni panya wale."

"Na mimi je?"

Wening alimsogezea daftari la siku. "Weka saini tu hapa, kwenye 'watulivu kabla ya somo'. Ripoti inatakiwa mwezi huu. Nikianza upya na kundi lingine, nimekwisha. Tafadhali, Pak. Si wewe uliyenilea humu?"

"Ndiyo maana hukuniuliza? Ulijua ningekataa."

Wening aliinamisha kichwa. Kung'atwa hakukumuuma Tukijan kama kuinama kule.

Akachukua kalamu. Neno "watulivu" alilipiga mstari mmoja, likabaki linasomeka, kama ilivyo kanuni ya daftari, akaandika juu yake: "Wana hofu. Ijumaa Daktari Wening aliwapa mshtuko akiwa amevaa koti langu, bila idhini yangu." Akaweka saini, tarehe na saa.

Wening alikuwa analia. Tukijan alimwekea kalamu mbele yake.

"Na yako hapo chini," alisema.